Bhoke wa Karatasi

Kehancha
3 Februari 1966

Kwako Filister, nyar Kosele, yaani binti wa Kosele,

Mimi ni mzima, ng'ombe ni wazima, mvua bado. Kama wewe na binti yako Pamela mko wazima, basi wiki hii dunia haina habari mbaya.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Usione herufi kubwa ukadhani ni mtoto wa shule. Mtu mkubwa anaandika herufi kubwa.

Kifurushi hiki nimempa Ondieki, yule muuza vitenge, anakuja soko la huko Homa Bay. Ndani kuna filamu mbili za kuosha. Ya kwanza ni wasichana, mwanzo hadi mwisho ni wasichana tu. Siku hizi wananijia kutoka Isebania, kutoka Osiri kwenye dhahabu, na juzi wawili walivuka mpaka kutoka Tarime wamebeba viatu mkononi. Wanapita mlango wa yule kijana mpiga picha wa Migori mwenye pazia lililochorwa ndege, wanakuja kwangu mimi ambaye pazia langu ni shuka la mke wangu. Nikamwuliza mmoja, kwa nini mimi? Akasema, "Babu, wewe unang'arisha mtu." Umesikia hiyo. Wakati namfundisha kazi marehemu mume wako Cephas nilimwambia kwamba ufundi hauzeeki, unaongezeka tu kama kitambi.

Filamu ya pili ndiyo yenye kazi. Picha yake ya kwanza ni mjukuu wangu Bhoke, yule ninayemwita mke wangu mdogo. Kuna kijana wa kwetu, Barnabas, anafanya kazi gatini huko kwenu, kupakua meli. Aliondoka hapa Bhoke akiwa bado anachunga mbuzi. Sasa watu wake wameleta neno, na kijana anaomba picha kabla wazee hawajaanza kuzungumza ng'ombe. Bhoke anamtaka. Hajaniambia wazi, lakini anasema ndiye mvulana pekee aliyemsaidia kutoa mbuzi shimoni bila kumcheka, na siku ya picha alivaa viatu vya mama yake tangu alfajiri, akakamulia ng'ombe navyo. Kwa hiyo osha vizuri, chapa vizuri, mpelekee Barnabas gatini wewe mwenyewe.

Halafu uliniandikia kwamba umenunua kamera yenye jicho, inayojipimia mwanga yenyewe, mtu kazi yake kubonyeza. Pole. Sufuria haimwambii mpishi kwamba uji umeiva. Mimi nilipewa kamera Burma na mzungu aliyekuwa anatetemeka, risasi zinapita hapa na hapa, nikatazama mbingu, nikazungusha pete ya mwanga, nikapiga. Kupiga picha ni kuamua nani apotee, mbingu au mtu. Kila siku mimi napoteza mbingu. Mbingu haijawahi kuja hapa kudai picha yake.

Ni mimi,
Mzee Nchagwa, Mpiga Picha


Homa Bay
14 Februari 1966

Baba Nchagwa,

Nimepokea kifurushi. Ondieki alikikalia njia nzima, lakini hakuna kilichovunjika ila biskuti, ambazo nadhani hazikuwa zangu.

Filamu zote nimeosha. Bhoke nimemchapa kwa karatasi nzuri, nikaipeleka picha gatini. Barnabas alikuwa na gunia begani. Hakulitua. Aliishika picha kwa mkono mmoja akaniuliza, "Huyu ni Bhoke?"

"Ndiye."

"Bhoke wa mbuzi?"

"Kama kuna mwingine, mimi simjui."

"Amekuwa mweupe namna hii? Wamemweka kabatini?"

Wenzake wakaja kuchungulia. Mmoja akamwambia, "Omera, ndugu yangu, huyu hatakula omena, dagaa wetu hawa. Huyu utamtafutia siagi." Barnabas akacheka, akaiweka picha ndani ya kofia, na kofia kichwani. Jioni shangazi yake Jerusha alipita dukani kwangu kusema kwamba yeye na wazee wawili watakuja kwenu mwezi ujao kumwona msichana. Huyo shangazi ndiye aliyemlea, na ndiye mwenye neno.

Kuhusu kamera yangu, usiichukie kabla hamjajuana. Maharusi wa siku hizi hawasubiri nizungushe pete. Mimi naamua nani asimame wapi, yenyewe inaamua mwanga, na jioni hakuna aliyechoka.

Nikuulize kitu, kwa kujifunza tu. Ukipiga nje mchana, siku hizi unaweka pete kwenye namba ngapi?

Binti yako,
Filister


Kehancha
20 Machi 1966

Filister,

Leo sina salamu. Salamu nitakupa ukinieleza ulichofanya.

Jerusha alikuja na wazee wawili. Tulichinja kuku. Bhoke akaleta maji ya kunawa, amepiga magoti vizuri, hajamwaga hata tone. Jerusha akatoa picha kwenye leso. Akatazama picha, akamtazama Bhoke, akatazama picha.

Akasema, "Huyu ni mdogo wake?"

Nikasema, "Ni yeye."

"Mzee, mimi nilizaliwa na macho. Huyu ni mweusi kama mimi. Mleteni huyu wa kwenye karatasi."

Mke wangu akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Jerusha aliinuka akaenda kutazama jikoni, Filister, akafunua hata pazia la ghala, akimtafuta msichana mweupe ambaye hajazaliwa katika nyumba hii. Halafu akasema mbele ya majirani kwamba Nchagwa ameazima uso wa mtu ili apate ng'ombe. Wazee wakanyanyua fimbo zao wakaondoka. Kuku akabaki kwenye sufuria. Unajua kwetu maana yake ni nini, mgeni kuondoka na kuacha chakula kinafuka moshi.

Bhoke alicheka kwanza. Akasema kama Barnabas anamtaka yule wa karatasi, amwoe, hatakula sana. Lakini jioni nilimkuta anafuta vile viatu, anavirudisha kwa mama yake, na hakutaka mzaha wangu.

Sasa mimi najiuliza. Msichana alitoka kwangu mweusi akafika kwako mweupe. Njiani hapo katikati kuna nini? Kuna dawa zako. Ulimwacha ndani ya dawa ukaenda sokoni. Sema tu. Umeniharibia jina nililolijenga tangu vita vya Hitler, na umemharibia mtoto.

Nchagwa


Homa Bay
29 Machi 1966

Baba,

Barua yako imeniuma, nami nitakujibu bila kuruka kitu, kwa sababu Cephas alisema wewe hupendi mtu anayezunguka mti.

Dawa zangu hazikumfanya kitu Bhoke. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba kwenye negativu mambo yako kinyume: kilichopata mwanga mwingi hutoka cheusi. Negativu zako zote huku ninazo. Nimezipanga mezani, za mwaka juzi hadi hizi. Za mwaka juzi ni safi kama maji ya mtungi. Halafu zinaanza kuwa nyeusi, nyeusi zaidi, mpaka hii ya Bhoke ambayo hata taa inapita kwa kusukumwa. Kila msimu unafungua mlango wa mwanga zaidi. Mtu hufungua mlango zaidi akiona nyumba ina giza. Baba, jua halijapungua. Nimelitazama, liko palepale.

Wale wasichana wote nimekuwa nikiwaacha chini ya taa ya kuchapia muda mrefu zaidi ili warudi kwenye rangi zao kidogo. Sikukuambia, kwa sababu kazi yako bado ni nzuri, watu wanasimama kama watu, na kwa sababu nilikuogopa. Hata hivyo wanatoka weupe kuliko walivyo, na ndiyo maana wanavuka mpaka kukufuata. Lakini Bhoke mimi sijawahi kumwona. Nilimchapa mpaka uso ukapendeza, nikadhani ndivyo alivyo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama yangu kule Kosele, ambaye sasa haoni, alianza kwa kugombana na taa ya chemli, eti haina mafuta. Ilikuwa imejaa.

Nimempa Ondieki ile kamera yangu yenye jicho. Itumie kwa Bhoke. Ielekeze, bonyeza nusu, itapima. Shikilia hapohapo, kisha malizia kubonyeza. Hakuna namba ya kusoma. Nimezungumza na Barnabas. Hajakata tamaa, ila hawezi kumpinga shangazi kwa maneno matupu. Anataka kitu cha kumwonyesha, na upesi, maana Jerusha ameanza kutaja msichana mwingine wa upande wa Tarime.

Filister


Kehancha
17 Aprili 1966

Filister,

Mimi na macho yangu tunaona mwewe akiwa juu ya Tarime, na tunajua kama ameshiba. Hiyo ya kwanza.

Ya pili, mama yako nampa pole, lakini mimi si mama yako.

Ya tatu, mashine yako imefika na nimeitumia, si kwa kuwa nakubali, ila nipate kukuonyesha. Nilimsimamisha Bhoke mbele ya ukuta wa kanisa, ule waliopaka chokaa kwa ajili ya Pasaka, jua la mchana. Nikafanya ulivyosema. Nusu, shikilia, maliza. Kazi ya mtu anayefunga kifungo cha shati. Halafu filamu sikukuletea wewe. Nilijishusha nikampelekea yule kijana wa Migori aoshe, ili usije ukaitengenezatengeneza huko gizani kwako.

Sikiliza sasa. Ukuta umetoka maridadi. Kila ufa upo, hata buibui. Na mbele ya ukuta kuna shimo lenye umbo la msichana. Hana pua, hana mdomo. Bhoke aliitazama akasema, "Babu, nilipokuwa mweupe nilikosa mume. Hivi nilivyo hapa hata mama yangu atanipita njiani." Kijana wa Migori alicheka mpaka akaegemea mlango, nami nikamlipa huku anacheka.

Hiyo ndiyo akili ya mashine yako. Imeona ukuta, ikaupenda, ikamsahau mtu. Haijui nani amekuja kuolewa. Inataka kila kitu kipate mwanga kidogokidogo, kama mpishi wa jeshi. Usiniambie tena mambo ya jicho. Hicho kitu ni kipofu kuliko mimi.

Nchagwa, wa Burma


Homa Bay
25 Aprili 1966

Baba,

Nimesoma barua yako jikoni, halafu nikaenda kuisoma tena dukani penye mwanga. Mwishoni umeandika "kuliko mimi." Sitasema neno juu ya hilo. Nimeliona tu.

Kuhusu ukuta umesema kweli, nami nakubali. Hata mimi imenifanyia hivyo kwa waumini wenye kanzu nyeupe. Nguo zilitoka, watu hawakutoka. Yenyewe haijui mtu na haijui chokaa. Inapima tu kilicho mbele yake. Mwalimu wa kuifundisha huku Homa Bay hayupo.

Barnabas anapita dukani kila akitoka kazini. Anatazama picha za kabatini, ananunua kiberiti ambacho hakihitaji, anakwenda.

Filister


Kehancha
30 Mei 1966

Nyar Kosele, binti yangu,

Salamu zako zote nilizokunyima tangu Machi nakupa leo kwa jumla. Mvua imenyesha, mahindi yamefika gotini, mke wangu amepona jino.

Nimeifundisha.

Ilikuwa hivi. Nilikaa na hiyo mashine kwa hasira, nikifikiri juu ya maneno yako, kwamba inapima kilicho mbele yake. Jua lilikuwa kali, nikaweka mkono kuikinga. Bhoke alikuwa anachungulia kwenye kidirisha chake. Akasema, "Babu, kuna mshale mdogo humu ndani. Umeruka."

Nikamwambia, "Usiguse kitu." Nikatoa mkono.

"Umerudi."

Nikaweka mkono.

"Umeruka tena. Babu, inakuogopa."

Hainiogopi. Inapima. Ikiona ukuta inapima ukuta, ikiona mkono inapima mkono. Basi kwa nini niiache itazame ukuta? Nikamsimamisha Bhoke palepale pa kanisa, kwa makusudi, mbele ya chokaa ileile, ili ushindi uwe ushindi. Nikaweka mgongo wa mkono wangu karibu na jicho la mashine, mkono ukiwa juani kama uso wake ulivyo juani. Nikabonyeza nusu. Nikashikilia. Nikatoa mkono, nikamwelekea Bhoke, nikamaliza. Halafu nikarudia, mara hii nikaionyesha kiganja, huku ndani. Yule kijana wa Migori akaosha. Ya mgongo wa mkono, Bhoke anasema bado ni mweupe kiasi, yule dada wa karatasi amerudi kuchungulia. Lakini ya kiganja, Filister, aliishika kwa mikono miwili. Akaiweka kifuani. Mke wangu akamnyang'anya, akasema, "Huyu ni mtoto wangu, na hili ni kovu la ndui." Kijana wa Migori akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia aende Burma.

Kwa hiyo usije ukasema mashine imenisaidia. Yenyewe ilikuwa na jicho, haikuwa na akili. Nimeikopesha yangu. Namba sikusoma hata moja, hilo nakubali, na hilo limetosha, tusiliongeze.

Picha na mashine yako nazileta pamoja na barua, lakini kwa picha shika breki. Bhoke ametoa sharti. Anasema yeye amepigwa picha mpaka amechoka, ameonekana mweupe, ameonekana mweusi, ameonekana shimo. Huyo Barnabas naye apigwe. Apigwe kwa kiganja vilevile, bila koti la kuazima, nayo ije huku kwanza. "Hata mimi sijui kama bado ana meno," ndivyo alivyosema. Asipokubali kupigwa, picha ya Bhoke irudi kwangu na maneno yaishe.

Mzee Nchagwa, Mwalimu wa Mashine


Homa Bay
16 Juni 1966

Baba,

Picha iliyo ndani ya barua hii ni ya Barnabas. Mpe Bhoke kabla hujamaliza kusoma.

Alikuja na koti la karani wa gatini, refu mpaka magotini, na saa ya mtu. Nikamwambia, "Amri imetoka Kehancha. Vua."

Akasema, "Mama, hata saa?"

"Inatembea?"

"Hapana."

"Basi vua na saa."

Akavua. Akasimama na shati lake la kazi lenye vumbi la unga. Nikafanya kama ulivyoeleza, kwa kiganja changu, ingawa nilijiona mjinga, kama ninayezuia gari. Ametoka sawasawa. Meno anayo, isipokuwa moja la pembeni, Bhoke ahesabu mwenyewe.

Halafu nikampa picha yenu bila kungoja hii yake ifike kwenu, Bhoke anisamehe. Jerusha alikuwepo, alikuja naye kunichunga. Aliichukua yeye kwanza. Akaitazama sana, akaisogeza dirishani, akasema, "Huyu ndiye aliyeniletea maji ya kunawa."

Nikamwambia, "Ndiye."

"Na yule mweupe ni nani?"

"Ni huyuhuyu, amemwagiwa jua kupita kiasi. Karatasi ilidanganya. Mzee hakudanganya."

Halafu akasema, "Na mimi nilikwenda kufunua ghala la watu." Akaketi kwenye kiti cha wateja, kanga mdomoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, Baba, na hakuweza kuacha, mpaka Pamela akamletea maji.

Barnabas alikuwa ameipokea picha kwake. Akatoa ile ya kwanza kutoka kwenye kofia, akaniwekea mezani. Akasema, "Huyu sikuwahi kumjua. Nilikuwa naogopa kumwandikia hata barua. Huyu mwingine ana jicho la kunicheka, huyu ndiye nilitoa naye mbuzi shimoni." Akauliza kama wazee wanaweza kurudi. Jerusha akajibu kabla yangu kwamba yeye atarudi hata peke yake, na kwamba safari hii atakula kuku huyo mpaka mifupa.

Watakuja wiki ya kwanza ya Julai. Bhoke akiikataa picha ya Barnabas, tuma neno upesi nimzuie yule mama, maana ameshaanza kununua sukari.

Binti yako,
Filister


Kehancha
2 Oktoba 1966

Filister, binti yangu,

Picha za harusi zimefika, Ondieki ameziweka juu ya kichwa chake kama yai. Ahsante kwa kuja kupiga mwenyewe. Watu bado wanauliza yule mama Mjaluo aliyekuwa anapigiwa kelele na mzee ni nani. Nawaambia ni mwanafunzi wangu. Ulibisha pale kwenye ng'ombe, ulitaka kufungua zaidi, nami nikakuambia namba, na nasikia ng'ombe wametoka vizuri. Kamera yangu ya zamani ilikuwa inahitaji tu mtu wa kusoma pete. Wewe ulikuwa macho, mimi nilikuwa kichwa. Ukitaka tufanye hivyo tena harusi za Desemba, nitakufikiria.

Yule daktari wa macho uliyeniambia kwenye sherehe, nimesema nitakwenda kumwona, kwa sababu na yeye anafanya kazi ya mwanga, pengine nimsaidie.

Bhoke amekuja kututembelea na mumewe. Amenenepa. Tulikaa mlangoni, yeye ananisomea picha moja moja, huyu amekaa hapa, huyu amefumba macho, Jerusha anatafuna katika picha zote. Tukafika ile ya mwisho, uliyonipiga mimi bila kuniuliza. Maisha yangu yote nimekuwa upande wa nyuma wa kamera, sijawahi kuwa na picha yangu hata moja. Niliishika karibu, nikaishika mbali. Niliona shati langu jeupe, na juu yake kitu kama wingu.

Nikamwuliza, "Nimetokaje?"

Akasema, "Umetoka wewe, Babu."

"Rangi je?"

"Rangi yako. Na umeinua kidevu unamfokea mtu."

Zamani ningemwambia alete hapa nione mwenyewe. Nilitazama lile wingu kidogo, nikaliona lina kidevu. Nikamwamini. Ukikutana na mtu wa Kehancha, usimwambie.

Baba yako,
Nchagwa